Maji Yetu Hushuka kwa Jirani

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya jamaa za misikiti ya mjini na ya vijiji vya mlimani



 Tumeombwa tuseme nanyi juu ya maji, nasi hatukusudii kurudia yale mnayoyajua kuhusu udhu na josho, kwani hayo mmefundishwa tangu utotoni. Leo twataka tusemezane juu ya maji baada ya sisi kumaliza kuyatumia: yanakwenda wapi, na ni nani anayeyakuta huko yaendako.

Kabla ya kumnasihi mtu mwingine, imetupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi tuliopewa dhamana ya malezi ya vijana tuliwachukua watoto wetu kwa matembezi hadi ukingoni mwa bwawa la Nyumba ya Mungu. Tulijiandaa vizuri kwa chakula, mipira na usafiri. Jambo moja tu hatukulifanya: hatukumwuliza mtu yeyote habari za maji yale. Baada ya sala ya Adhuhuri vijana wakaingia kuogelea. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 14, hodari wa kuogelea katika vidimbwi vya mto wa kijijini kwao huko mlimani. Akatembea majini hatua kadhaa yakiwa yanamfika kiunoni, hatua iliyofuata sakafu ikakatika ghafula, akazama. Sisi tuliokuwa nchi kavu tulipiga kelele tu, kwa maana hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua la kufanya. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu zake ndiye aliyesukuma mtumbwi, akamfikia, akamshika ukosi wa shati na kumvuta. Kijana alitapika maji mengi, kisha akalia. Alhamdulillahi, yu hai hadi leo.

Mzee yule hakutugombeza. Aliitazama milima ya sufuria zetu, akasema: "Wanangu, mmekuja na sufuria sita, hamkuja na kamba hata moja." Kisha akaelekeza kidole kaskazini, uliko mlima, akaongeza: "Na maji haya mnayoyachezea mumeyaleta ninyi wenyewe kutoka huko juu. Sisi ndiyo tunayokunywa."

Miezi michache baadaye watoto wawili katika wale tuliokwenda nao walianza kukojoa damu. Walipopimwa, walikutwa na kichocho. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba maneno mawili ya mzee yule yalikuwa neno moja. Usafi wa maji na usalama wa wanaoingia ndani yake ni amana moja, na sisi tuliikosea pande zote mbili.

Safari ya maji kutoka Kibo hadi baharini

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa mito yetu hutoka katika barafu ya Kibo. Ni kweli kwamba barafu ile ni pambo la nchi yetu, na ni kweli pia kuwa inatoweka: tangu mwaka 1912 hadi 2007 ilipungua kwa takribani asilimia 85. Hata hivyo wataalamu waliouchunguza mlima wametuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito na chemchemi hutoka katika ukanda wa msitu. Huko, upande wa kusini wa mlima, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya sehemu, na miti hunasa hata ukungu na kuudondosha ardhini. Ndiyo sababu msitu ule uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Msitu ni mtungi wetu, na anayekata mti huko juu huutoboa mtungi huo.

Maji yale hupita katika vihamba vyetu. Babu zetu waliyagawa kwa mifereji ya asili, ile mifongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima kwa ustadi ambao wageni waliofika hapa tangu karne ya 19 waliustaajabia. Mfereji ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na zamu, na ulikuwa na siku ya kusafishwa, ambapo asiyefika alitozwa faini. Wazee hao walijua bila ya kufundishwa na mtu kuwa maji si ya mmoja.

Kisha maji hushuka. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu huishia katika mto Kikuletwa. Mito ya Rau, Mue na Himo huelekea mto Ruvu. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambalo likijaa hutanda takribani kilomita za mraba 140 kati ya wilaya za Mwanga, Simanjiro na Moshi. Hapo maji huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8, huwapa watu kitoweo, huwanywesha binadamu na mifugo. Yakitoka hapo huwa mto Pangani, yakapita Hale na Maporomoko ya Pangani, nako yakazalisha umeme tena, hata yakaingia Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Basi ndugu zetu, povu la sabuni analolimwaga mama mmoja Kibosho au Marangu huanza safari ya mamia ya kilomita. Halipotei. Limetoka machoni petu tu.

Mfano wa merikebu

Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwahi kupiga mfano wa watu waliopanda merikebu moja, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini, ili wasiwasumbue wenzao kila walipohitaji maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Kama wenzao wangeliwaacha, wote wangeliangamia. Na kama wangeliwashika mikono, wote wangeliokoka.

Sisi wa Kilimanjaro tumo katika merikebu hiyo, ila mambo yamegeuka: wanaotoboa ni wale wa juu. Wa chini ndio wanaopiga kelele, na sauti yao haifiki mlimani. Mtu wa Kahe au wa Mabogini hana uwezo wa kupanda Old Moshi kila asubuhi kumwangalia anayeosha ndoo zake mtoni. Imebaki dhamiri ya yule wa juu peke yake. Na katika mafundisho tuliyopokea, Mtume (s.a.w.) alionya juu ya kujisaidia katika vyanzo vya maji, katika njia za watu na katika vivuli wanapopumzika, akakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akakataza ubadhirifu wa maji hata kwa mtu anayetawadha penye mto unaotiririka. Ikiwa mwenye kutawadha, aliye katika ibada, amewekewa mpaka, je, mwenye kuosha pikipiki yake mtoni hana mpaka?

Tunayoyateremsha

Mji wetu wa Moshi umesifiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa miji safi kuliko yote katika Tanzania, nao umewahi kutwaa tuzo za usafi mara kadhaa. Sifa hiyo twaifurahia, na wanaoamka alfajiri kufagia barabara zetu wanastahili dua zetu. Lakini tujiulize kwa haki: je, uchafu uliotoka barabarani umeishia wapi? Nyumba ambayo imefagiliwa kwa kusukumia taka uani kwa jirani haiwezi kuitwa nyumba safi.

Tuyataje kwa majina yale tunayoyateremsha, maana maradhi yasiyotajwa hayatibiwi.

Kwanza ni majitaka. Ni sehemu tu ya mji iliyounganishwa na mabomba yanayopeleka majitaka katika mabwawa ya kuyatibu huko Mabogini. Nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Choo kilichochimbwa karibu na mto, au karo linalofunguliwa usiku wakati wa mvua kubwa ili mafuriko "yalisafishe", ni najisi inayopelekwa moja kwa moja katika ndoo ya mtu mwingine. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Pili ni dawa na mbolea za shambani. Wakulima wetu wa kahawa wameujua mrututu kwa vizazi. Dawa hiyo huzuia ukungu wa majani, lakini shaba iliyomo ndani yake ni sumu kwa samaki na kwa viumbe vidogo vya majini. Mkulima amalizapo kupulizia huinama mferejini akaosha bomba lake, na kwa dakika moja huweka katika maji kile ambacho siku nzima alikuwa akikinyunyiza kwa kipimo. Mbolea nayo ikisombwa na mvua hulisha mimea ya majini badala ya mahindi. Mwani na magugu hustawi, kisha huoza na kula hewa iliyomo ndani ya maji, na baadhi ya mwani hutoa sumu inayomdhuru mtu na mnyama.

Tatu ni maji ya kumenyea kahawa. Ule utelezi unaotoka katika punje ni sukari. Vijidudu vya majini huushambulia kwa pupa na kuimaliza hewa ya mto, ndipo samaki huelea matumbo juu. Shimo la kupokea maji hayo, mbali na mto, ni kazi ya siku chache tu.

Nne ni mafuta ya magari na pikipiki zinazooshwa mtoni, na tano ni taka za plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tuliona mifereji ikipumua. Lakini chupa za maji na za soda, nepi za watoto na nguo chakavu bado huonekana zimenasa chini ya madaraja yetu.

Maziwa mawili, mafundisho mawili

Wako watakaosema: bwawa ni kazi ya mikono ya binadamu, na likiharibika litajengwa jingine. Basi na tuyatazame maziwa mawili aliyotupa Mwenyezi Mungu katika mkoa huu, ambayo hakuna awezaye kuyajenga.

Ziwa Chala lililoko Rombo, katika mpaka wetu na Kenya, limo ndani ya shimo la volkano lenye kuta za mawe pande zote. Lina kina cha takribani mita 90, na maji yake mengi huingia kwa njia ya chini ya ardhi kutoka mlimani. Halina mto unaotoka. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoboa sakafu yake wakapata tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka, lenye kuhifadhi habari za mvua na ukame wa takribani miaka 250,000. Yaani ziwa lile huandika, wala halisahau. Kila tunachokitupa humo kitaandikwa katika tabaka la zama zetu. Pia humo yumo perege ambaye asili yake ni ziwa hilo tu, naye sasa amehesabiwa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare, nalo twalishirikiana na Kenya. Hilo ni kinyume cha Chala: ni pana na la kina kifupi, mita chache tu. Udongo uliomomonyoka katika mashamba ya juu umeletwa humo na mito, magugu yakapata mahali pa kushika mizizi, na leo sehemu kubwa ya ukingo wake ni matete. Wavuvi waliokuwa wakishusha mitumbwi yao karibu na nyumba zao sasa hulazimika kutafuta njia kati ya magugu. Udongo ule haukutoka ziwani. Ulitoka katika mteremko wa mtu aliyelima bila matuta, akakata miti iliyokuwa ukingoni mwa mto.

Maji maangavu hudanganya

Sasa turudi kwa wale watoto wetu wawili. Walipoingia katika maji yale, yalikuwa maangavu hata wakaiona miguu yao. Ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi. Yafaa kila mzazi aifahamu njia ya kichocho, kwani ugonjwa huo hauji kwa bahati mbaya, bali una mzunguko.

Mwenye ugonjwa akikojoa au akijisaidia majini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na uchafu wake. Mayai huanguliwa, na vijidudu vyake huwatafuta konokono fulani wanaoishi katika maji yaliyotuama au yaendayo polepole, penye majani. Ndani ya konokono huzaana, kisha hutoka kwa maelfu wakiogelea, hasa jua linapokuwa kali mchana. Wakikuta ngozi ya mtu hupenya, wala mtu hahisi kitu ila pengine muwasho kidogo. Miezi ikipita, aina moja huharibu kibofu na kuleta damu katika mkojo, na nyingine huharibu utumbo na ini. Dawa ipo, nayo huitwa prazikwanteli, na hutolewa pia kwa watoto mashuleni. Lakini mtoto aliyetibiwa akirudi katika maji yale yale huambukizwa upya. Tiba kamili ni mtu kutokuweka uchafu wake majini. Basi tafakarini: mtoto mmoja akikojoa bwawani huweza kuwagonjesha watoto wa kijiji kizima, naye hana habari.

Tusiseme kwamba jambo hili ni la wavuvi peke yao. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulipokamilika mwaka 1987, ambao umewapa wananchi mpunga mwingi kwa maji ya Rau na Njoro, mifereji na majaruba vimekuwa mahali pa kazi kwa wakubwa na mahali pa kuchezea kwa wadogo. Neema ya maji yaliyotulia huja na konokono wake, na anayeipokea neema yapasa aijue na hatari yake.

Katika nchi za Ulaya, kwa mujibu wa sheria yao ya mwaka 2006, fukwe za kuogelea za umma hupimwa maji yake kila msimu, na matokeo hubandikwa mahali ambapo kila mwogeleaji huyaona. Hutafutwa vijidudu viitwavyo E. koli, ambavyo makao yake ni matumbo ya watu na wanyama, kwa hiyo vikionekana kwa wingi ni ushahidi kuwa kinyesi kimeingia majini. Kipimo hicho si cha ajabu, na maabara za maji za hapa kwetu hukijua. Kinachokosekana ni watu wa kuuliza. Ikiwa hatuulizi, nani atabandika?

Usalama wa wanaoogelea

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndizo hizi zetu. Karibu robo yao ni watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha juu ya jambo hili. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya, hatua chache kutoka kwa wakubwa wanaozungumza.

Kila maji katika mkoa wetu yana hatari yake. Mito yetu huweza kufurika ghafula, kwani mvua hunyesha mlimani huku mjini jua linawaka, na anayeogelea chini hana habari. Mwezi wa Aprili 2024 tuliona wenyewe jinsi mafuriko yalivyochukua maisha ya watu na kubomoa nyumba katika wilaya yetu. Chemchemi ya Chemka huko Hai, yenye maji ya vuguvugu yanayovutia wenyeji na wageni, ina sehemu zenye kina kirefu ambazo uangavu wa maji huzifanya zionekane fupi. Bwawani, mikondo ya zamani ya mito imo chini ya maji bado, ndiyo maana sakafu hukatika ghafula kama ilivyomkatikia kijana wetu, na mamba nao wamo. Katika ziwa Chala baadhi ya watu walikuwa wakiamini kuwa hakuna mamba tena, hata ilipofika Machi 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 akashambuliwa na kuuawa na mamba alipokuwa akiogelea upande wa Kenya. Habari ya "hapa ni salama" isiyo na anayeishuhudia si habari ya kumkabidhi mtoto wa mtu.

Hatusemi watoto wasifundishwe kuogelea. La, hasha! Anayejua kuogelea ana silaha. Twasema wafundishwe kwa utaratibu, na wasiachwe na maji bila mlinzi.

Tuliyoazimia

Sheria za nchi yetu hazikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zenye kuhatarisha uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kutoa vibali na kulinda vyanzo, na bodi inayosimamia bonde lote la Pangani ina ofisi yake papa hapa Moshi.

Twajua kuna mzee atakayesema: kihamba changu nilirithi kwa baba yangu, nacho kinafika mtoni, nikitoa mita 60, nitabaki na nini? Swali hilo ni la haki, wala hatutalijibu kwa ukali. Kihamba ni makaburi ya wazazi na mkate wa watoto. Lakini hakuna anayezuiwa kuacha miti na majani ukingoni badala ya kulima hadi penye maji, wala kuhamisha choo na zizi upande wa juu, wala kuoshea bomba la dawa shambani ili maji yale yanywe na udongo. Asiyeweza kutoa mita 60 na atoe hatua kumi za kwanza, huku akishauriana na wanaohusika kuhusu zilizobaki.

Basi sisi, baada ya fedheha ile ya sufuria sita, tuliazimia mambo yafuatayo, nasi twawaomba jamaa zote ziyapokee.

Mosi, hakuna safari ya vijana kwenda majini pasipo watu wazima wawili wanaojua kuogelea, kamba ndefu, na madumu matupu yaliyofungwa vizuri ya kumtupia anayezama. Mlinzi hali, hasomi simu, wala hazungumzi. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Asiyejua kuogelea asijirushe kumfuata anayezama, bali amtupie kitu cha kushika.

Pili, tukifika ugenini twaanza kwa kuwauliza wenyeji: wapi pana kina, wapi pana mamba, wapi wanawake huteka maji ya kunywa ili tusiogee hapo. Panaposemwa si salama, twacheza mpira tukarudi nyumbani.

Tatu, kila anayeingia majini aende chooni kwanza. Pasipokuwa na choo, hapo si mahali pa kupeleka watoto mia.

Nne, hatuogi wala kufua kwa sabuni ndani ya mto, ziwa au chemchemi. Maji yatekwe, yatumike mbali na ukingo, yamwagwe penye udongo.

Tano, taka tulizokwenda nazo twarudi nazo.

Sita, kila msikiti ulio karibu na mto au mfereji uchukue kipande cha ukingo wake kuwa amana, ukisafishe na kukipanda miti ya asili inayohifadhi maji, kama babu zetu walivyokuwa na siku ya mfereji. Na maji ya udhu ya msikiti wenyewe tuyachunguze: yanamwagika wapi? Si vyema maji ya kujitakasia yakawa dimbwi la mbu kwa jirani.

Neno la mwisho

Mwaka uliofuata tulirudi kwa mzee yule wa bwawani, tukiwa na kamba mbili na madumu manne. Tulimkuta amekaa pale pale. Alituuliza swali moja tu: "Na huko juu je?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Tulimwambia tumeanza. Akatikisa kichwa, akasema ataonja maji atujulishe.

Ndugu zetu, mzee yule ndiye hakimu wetu. Hatuwezi kumdanganya kwa hotuba hii wala kwa tuzo ya usafi, kwa sababu kila asubuhi huchota ndoo moja, na ndani ya ndoo ile imo habari yetu yote: choo chetu, shamba letu, sabuni yetu na uaminifu wetu. Jirani si yule tu ambaye ukuta wake umegusana na wetu. Jirani ni kila ambaye maji yetu humfikia.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuirudisha amana hii kwa wale walio chini yetu ikiwa safi kama tulivyoipokea kutoka juu. Awahifadhi watoto wetu na watoto wa wengine katika kila maji wanayoingia, na awape subira wazazi ambao watoto wao hawakurudi. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.